Gari Linalozima Likipata Joto

Jumatatu, 3 Machi

Gari limezima tena. Safari hii katikati ya mzunguko, foleni nyuma, honi kila upande. Kwenye usukani alikuwa Mama Mkunga, mwanafunzi wangu wa pekee kwa sasa. Amestaafu kazi ya kuzalisha, na anaitaka leseni upesi kwa sababu mumewe amepooza upande mmoja na kila wiki lazima afikishwe hospitali kunyooshwa viungo. Gari lao lipo uani, wa kuliendesha hayupo.

Ningemwambiaje kwamba bovu ni gari la mwalimu? Nikamwambia ameachia klachi haraka. Akaomba radhi. Akamwomba radhi hata dereva wa lori aliyekuwa akitutukana. Nikashauri tupumzike kidogo, atulize mawazo. Gari likapoa, likawaka. Kuanzia leo mapumziko hayo ni sehemu rasmi ya masomo. Nimeyaita Somo la Utulivu.

Kiyoyozi alipita akatupungia mkono. Ni mwalimu mwingine wa udereva hapa mtaani. Tunamwita hivyo kwa sababu gari lake lina kiyoyozi, na yeye hana sifa nyingine.

Jumanne, 4 Machi

Mke wangu kasema nilipeleke gari gereji. Nikamweleza kwamba mwalimu wa udereva akionekana gereji, wanafunzi humkimbia. Akauliza wanafunzi gani, nina mmoja.

Nitalitibu mwenyewe. Nimeanza na plagi, zile zinazotoa cheche za kuwasha petroli. Nimezichomoa zote, nikazisugua kwa brashi ya waya mpaka zikang'aa. Kazi safi! Wakati wa kurudisha nyaya zake, sikukumbuka upi ulitoka wapi. Zote zinafanana, aliyezitengeneza hakuwa na huruma. Gari likapiga chafya, kisha mlipuko kama wa bunduki. Jirani akaanua nguo zake, akaingia ndani, akafunga mlango.

Jioni nilipata mpangilio sahihi. Injini ikanguruma vizuri kabisa. Nikatoka nalo kuzunguka mtaa, kifua mbele. Lilipopata joto likazima, mbele ya geti la Kiyoyozi. Nikashuka, nikajifanya nakagua tairi. Akatoka kuniuliza kama nahitaji kusukumwa. Nikasema nimependa tu kusimama pale.

Jumatano, 5 Machi

Betri nimeikaza vichwa vyake. Stata inazungusha injini kwa nguvu, kwa hiyo betri haina hatia. Nikashuku petroli. Nikasafisha chujio, nikafungua kabureta. Petroli tele, nyingine ikaingia mkononi mwa shati. Hakuna kosa. Nikafunga kila kitu nikiwa na imani kubwa, isipokuwa skrubu moja iliyobaki. Huenda ilikuwa ya ziada.

Mchana, somo. Likazima njia panda, likazima sokoni, likazima kwenye geti la shule wakati watoto wanatoka. Kila mara nikasema klachi. Mara ya mwisho Mama Mkunga hakuomba radhi. Alitoa mikono yake kwenye usukani, akaitazama.

"Mwalimu, mikono hii imepokea watoto wa mtaa mzima, haijawahi kutetemeka. Leo nashindwa na pedali?"

Kisha akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Akasema labda aache tu, amtafutie mumewe dereva wa kukodi, ingawa mzee hapendi kushikwashikwa na mtu wa nje. Nikahisi kitu kinabana kifuani. Nilipofika nyumbani nikanywa dawa ya kiungulia.

Alhamisi, 6 Machi

Mke wangu amekutana na Mama Mkunga dukani. Alirudi na uso ninaoufahamu. Akauliza kama kweli nimemwambia yule mama kosa ni lake. Nikasema hapana, nimemwambia kosa ni la klachi. Akauliza klachi inakanyagwa na nani. 

Akanitaka nilimalize jambo hili leo, yeye akiwepo. Tukaliacha gari linanguruma uani mpaka likapata joto, likazima. Nikachomoa plagi moja, nikaiegemeza kwenye chuma cha injini, yeye akazungusha ufunguo. Hakuna cheche. Tukasubiri lipoe, tukajaribu tena. Cheche zikaja, zikapitia kwangu. Shoti mpaka kwenye kiwiko! Mke wangu aliuliza kama hiyo ndiyo dalili tuliyokuwa tunaitafuta.

Ndiyo hasa. Likiwa baridi cheche zipo, likipata joto cheche hakuna. Tuliliwasha tena, na lilipozima nikaigusa koili, kile kikopo kinachopeleka umeme kwenye plagi. Ya moto kama pasi. Nikapiga yowe. Mke wangu akanirushia tambara bichi alilokuwa akifutia meza, nitulize vidole. Nikalitupia kwenye koili. Muda kidogo, gari likawaka!

Akasema basi, ugonjwa umejulikana, kesho nikanunue koili mpya. Wanawake hawana subira na uvumbuzi. Koili ya nini, na tambara lipo?

Ijumaa, 7 Machi

Mpango umefanya kazi. Gari likizima, nashuka "kukagua oili", nalowesha tambara kwa chupa ya maji, nalilaza juu ya koili, narudi nikiwa na uso wa kitaalamu. Mara ya pili Mama Mkunga alishuka na yeye, akasimama nyuma yangu. Akauliza kama mgonjwa ana homa. Nikasema ni utaratibu wa kawaida.

Akarudi kwenye usukani. Aliendesha vizuri mno. Ufundishaji wangu unaanza kuzaa matunda.

Jumatatu, 10 Machi

Mtihani. Mwanafunzi hutumia gari la mwalimu wake, na mwalimu hubaki kwenye uzio. Kiyoyozi alikuwa pembeni yangu, shati limenyooka. Mama Mkunga akaondoka na mtahini. Kona safi, kurudi nyuma safi. Kwenye mwinuko, likazima.

Nikatazama viatu vyangu. Nilipoinua macho, boneti ilikuwa wazi. Mama amevua mtandio, anaumwagia maji, anauweka kwenye koili bila haraka. Mtahini alinisimulia baadaye alichoambiwa.

"Kosa si langu, mwanangu. Gari lina homa. Likipoa tutaendelea."

Likapoa, wakaendelea. Amefaulu! Mtahini akanieleza, mbele ya Kiyoyozi, kwamba gari hili lisikanyage tena pale mpaka litengenezwe.

Mama Mkunga alinikabidhi ufunguo.

"Ulijua," alisema.

Nikampongeza kwa kufaulu. Akaenda zake.

Jumatano, 12 Machi

Asubuhi gari la kina Mama Mkunga lilisimama mlangoni kwetu. Mwenyewe usukani, mumewe kando, amefungwa mkanda, anacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Walikuwa wanaelekea hospitali. Mama akanipa boksi kupitia dirishani. Koili mpya. Akasema ni kwa ajili ya atakayekuja baada yake. Mke wangu aliinamisha kichwa. Mimi pia niliguswa sana.

Koili yenyewe inang'aa mno. Nimeiweka kabatini pamoja na glasi za wageni. Ikifungwa kwenye injini itachafuka bure, na tambara bado halijachoka.

Habari za mtihani zimeenea mtaani, na mchana nimepata mwanafunzi mpya, kinyozi. Gari lilizima tukiwa tumefika tu njia panda. Nikamweleza kwamba viatu vyake ni vizito. Akavivua. Lilipozima tena, nikazitazama soksi zake.