Mkurugenzi wa Mboji

Asubuhi moja ya mwaka 2013 Lévi alikuwa mtaa wa Area 47, mjini Lilongwe, Malawi, akitafuta mtu wa kumdanganya, ila kila aliyepita alikuwa na haraka. Ndipo alipomwona Mayi Kachingwe, yaani Mama Kachingwe, mwenye bustani ya kuuza miche na maua, akilipiga teke gunia la mboji mbele ya wafanyakazi wake. Lévi hakujua Kichewa, lakini teke halihitaji kamusi. Akamwuliza mlinzi kwa Kiingereza kisa ni nini.

Mlinzi akamweleza. Mboji ya mwezi uliopita iliunguza miche ya nyanya, na ya mwezi huu haikuotesha hata jani. Mayi amechoka. Anamtaka mtu wa kumtengenezea mboji hapohapo bustanini, kila gunia lifanane na ndugu yake, na mtu huyo atapewa chumba kile cha nyuma.

Lévi akakitazama chumba. Sakafu ya saruji, dirisha la vioo, taa inawaka mchana bila sababu yoyote. Yeye alikuwa amelala miaka kumi na mmoja katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, kwenye nyumba ya matofali mabichi iliyomvujia usoni kila mvua. Alikitamani mno chumba kile. Papo hapo akakumbuka kuwa ukoo wao wote, tangu kwao Bukavu, Kongo, ulikuwa wa watengeneza mboji.

Msomaji atauliza: miaka kumi na mmoja Malawi na hajui Kichewa? Lévi alikuwa na jibu. "Mi siko wa hapa," alizoea kusema. "Mi niko nangoja ndege ya Canada. Mutu anapita tu, atajifunza luga ya njiani ya nini?" Ndege ilikuwa imechelewa kidogo.

Lakini mwerevu hajinyoi. Aliporudi kambini akaenda moja kwa moja kwa Mama Godelive, mjane aliyeongea Kichewa kama mzaliwa wa Madisi, na aliyekuwa na marundo manne ya mboji nyuma ya nyumba yake. Mama Godelive hakuwa mtu wa maneno. Pumba, majani makavu na kinyesi cha kuku alivipima kwa ndoo ileile miaka yote. Alikamua konzi ya mboji mkononi: itoe tone moja la maji, si mawili. Na kabla ya kufunga magunia alipanda mbegu ishirini za mboga ya chainizi kwenye mkebe. Zikiota kumi na nane, mboji inauzwa. Zikiota kumi, inarudi rundoni, hata kama mnunuzi amesimama mlangoni na toroli.

"Mama Godelive," Lévi akasema, "unipe gunia moja ya échantillon, ya kuonyesha tu, na ukuwe interprète wangu kwa ule mama wa Lilongwe. Mambo ikipita, sitakusahau."

"We utakuwa nani?"

"Directeur."

"Na mbolea ni ya nani?"

"Mama, tusiingie mu détails."

"Sawa," akasema Godelive. Alikubali haraka mno. Mtu mwingine angeshtuka.

Mayi Kachingwe alilipenda gunia lile. Akasema Alhamisi atakuja Dzaleka mwenyewe aone kazi inavyofanywa. Sasa Lévi hakuwa na rundo hata moja, na kumwonyesha marundo ya Godelive kungekuwa kugawana chumba. Akaenda kumpeleleza mjane.

"Atapima nini?"

"Moto," akasema Godelive. "Rundo ikiwa inafanya kazi, inachoma mukono. Lakini ile yenye imeisha kuiva..."

"Nimeelewa, mama. Pas de problème." Akaondoka. Lévi alikuwa mtu wa kusikia nusu na kuuza nzima.

Jumatano akarundika udongo mwekundu mafungu sita, akayavika ngozi nyembamba ya mboji, na ndani ya kila tumbo akazika chungu cha kutiwa makaa ya moto alfajiri. Juu ya kila rundo akasimamisha kibao: TAYARI. Jioni, kwa jinsi alivyokuwa na uhakika, akampa binamu yake Dany nyumba, na kanisani wakamfanyia ibada ya kumuaga. Mbuzi alichinjwa. Kwaya iliimba nyimbo nne. Lévi alilia kidogo, kwa kuwa ilifaa.

Alhamisi Mayi Kachingwe akafika na nondo ya chuma ya kupimia joto la marundo. Lévi alimpokea akiwa na koti jeupe la maabara, la kuazima, Godelive akiwa pembeni kutafsiri. Mayi akadidimiza nondo katika rundo la kwanza, akangoja, akaichomoa, akaigusa, akarudisha mkono haraka. Akafanya hivyo kwa yote sita. Kisha akamgeukia Godelive na kusema kwa Kichewa:

"Huyu ana akili timamu? Mboji iliyoiva huwa baridi. Hii inaunguza."

"Mayi anasema moto ni mingi," Godelive akamtafsiria Lévi.

"Exactement! Umwambie zote sita ziko na moto sawasawa. Njo qualité."

Godelive akafikisha neno kwa neno. Mayi akalitazama rundo la tatu, lililoanza kutoa moshi.

"Na lile gunia zuri, nani alilitengeneza?"

"Mimi," akajibu Godelive.

"Basi nakutaka wewe."

Godelive akamgeukia Lévi. "Anauliza, ni sawa mi nikuje kufanya kazi kule?"

"Oui, oui. Interprète ni lazima."

"Na nilale kulekule?"

"Oui."

"Na we, hauogope kazi ya mikono?"

"Mi? Umwambie mu chantier mi njo wa kwanza kushika chombo!"

Godelive akatafsiri hilo kwa uangalifu mkubwa. Mayi Kachingwe, ambaye kwa kweli alikuwa na upungufu wa vibarua, akaandika karatasi kwa Kichewa.

"Unataka nikusomee?" Godelive akauliza.

"Inasema nini, kwa kifupi?"

"Kazi ya kila mutu."

"Voilà." Lévi akatia sahihi yenye mizunguko mitatu.

Jumatatu alishuka Area 47 na sanduku lake na godoro. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Ndani, Mama Godelive alikuwa juu ya kigoda, akitundika pazia.

"Mama! Iko unafanya nini mu chumba yangu?"

"Chumba ni ya mutu wa kutengeneza mbolea. Karatasi njo inasema."

"Na mi?"

"We ni wa kugeuza marundo, kila siku tatu. Utalala mu depo, na magunia."

"Umenidanganya!"

"Kila kitu nilikuuliza, papa. Ulisema oui."

Lévi akalitua godoro chini. Aliona aibu, aibu ya kweli, iliyompanda hadi masikioni. Akafikiria kurudi Dzaleka. Akamfikiria Dany, ambaye tayari alishahamisha mke na kuku. Akaifikiria kwaya. Mbuzi wa watu alishaliwa, na kwaheri ya namna ile hairudishwi kwa minibasi ya jioni.

Akavua koti, akachukua uma wa kugeuzia, akaanza. Mayi Kachingwe alipopita akasimama, akamtazama, akasema jambo refu kwa Kichewa, na wafanyakazi wote wakacheka hadi mmoja akakaa chini.

"Amesema nini?" Lévi akauliza.

Godelive, dirishani, alifikiri kidogo.

"Amesema karibu."