Nafasi Iliyobaki Ni Yangu

Jumatatu, 6 Januari. Sikukuu ya Epifania.

Jana jioni moto mkubwa wa mkesha uwanjani, ule ambao moshi wake hutabiri mwaka, kijiji kizima kimeuzunguka. Moshi ukaelekea magharibi. Wazee wakatikisa vichwa: mwaka mbaya huu. Mbaya kwa nani? Magharibi ndiko kwao Loris, mpinzani wangu! Kwetu ni mashariki. Nikalala usingizi mnono.

Leo mkutano wa klabu ya skii. Kocha wetu Bruna, mjane mwenye mabega ya mkata magogo, katangaza timu ya mbio za kupokezana. Wakimbiaji wanne, tarehe 19, bonde letu dhidi ya mabonde yote ya milima yetu ya Carnia. Tullio wa posta yumo. Mwalimu wa shule yumo. Wa tatu atamteua mwenyewe baadaye. Jumapili hii kutakuwa na mbio za kumchagua...

Hapo nikaondoka. Yaliyobaki ya nini? Nafasi ipo, Ermes yupo.

Nina miaka thelathini na sita. Niliwahi kuwa wa nne mashindano ya mkoa, na ningekuwa wa tatu kama si yule ng'ombe aliyekatiza njia. Mwakani goti langu litakuwa limestaafu kabla yangu. Kwa hiyo ni mwaka huu tu. Ni mimi au Loris.

Loris ana miaka ishirini na moja. Anakimbia kwa ule mtindo mpya, anapanua miguu na kusukuma huku na huku kama bata anayewahi bwawani. Mimi ni wa mtindo wa zamani. Miguu sambamba ndani ya mifereji miwili ya theluji, kama mtu mwenye heshima zake. Tatizo ni kwamba bata ana kasi sana.

Hapana tatizo. Nina akili.

Jumanne, 7 Januari

Siri ya mtindo wa zamani ni nta. Unaipaka chini ya skii ili zisirudi nyuma unapopanda mlima. Leo nimevumbua nta yangu mwenyewe! Utomvu wa msonobari, mabaki ya mishumaa na kipande cha mpira wa baiskeli. Nikavichemsha katika sufuria ya shaba ya Shangazi Pierina, ile ya kusongea polenta, ugali wetu wa mahindi, yeye akiwa kanisani.

Nta ikatoka nyeusi, inang'aa. Nikaisugua sufuria kwa majivu hadi ikameremeta. Nikapanda njia ya msituni.

Skii hazikurudi nyuma hata kidogo. Wala hazikwenda mbele. Kila hatua zikabeba theluji zaidi, hadi nikawa mrefu kuliko Loris. Najua kwa sababu alinipita wakati huo huo. Akasimama! Akatoa kikwangulio mfukoni, akapiga magoti na kunikwangulia skii zote mbili, huku akiniuliza kwa upole, "Mzee wangu, hiki ni nini, lami?"

Mzee wangu! Nikamwambia ni zoezi la nguvu za mapaja. Akasema basi na yeye atalijaribu siku moja. Sijawahi kuona kijana mwenye dharau kama huyu.

Alipoondoka nikapaka nta ya kawaida, ya dukani, nirudi nayo nyumbani. Theluji ilikuwa baridi, kavu, inalia chini ya skii. Nikapanda kilima cha kanisa bila kufikiri chochote, mkono na mguu, mkono na mguu, na kwa muda sikuwa na goti wala umri. Nilipofika juu ndipo nikakumbuka kwamba nina mpango.

Chakula cha mchana kilikuwa kibaya. Shangazi alionja polenta, akatema, akanusa sufuria, kisha akaninusa mimi. Akasema marehemu kaka yake, yaani baba yangu, alikuwa mjinga lakini walau hakuwa akipika. Sielewi maana yake. Natakiwa kula nje hadi Ijumaa.

Alhamisi, 9 Januari

Bruna kanifuata hadi kazini, kiwandani kwa jibini, mbele ya watu wote. Akaniambia nije uwanjani Jumamosi asubuhi na skii zangu, ana jambo zuri la kuniambia. Akatabasamu!

Bruna hatabasamu. Mara ya mwisho alitabasamu siku trekta la jirani lilipotumbukia mtoni. Huu ni mtego. Anataka nichoke Jumamosi ili Jumapili Loris anipite. Nikamwambia bila shaka, kocha, nitakuja. Siendi ng'o!

Isitoshe, Jumamosi nina shughuli. Mpango mpya. Mpango mkubwa!

Nimemtembelea Silvano, dereva wa mashine ya kutengeneza njia za skii. Ana miaka arobaini na tumbo lake, moyo mwema, kazi yake kusifu jibini letu. Nikamweleza taratibu: bata anahitaji nafasi ya kupanua miguu. Je, njia ikiwa nyembamba? Silvano akakuna kichwa, akauliza nyembamba kiasi gani. Nikamwambia kama kitanda cha mtawa. Mifereji miwili katikati, kuta za theluji kulia na kushoto, msitu mzima, toka mwanzo hadi pale njia inapotokea kwenye uwanda wa kijiji.

Akasema lakini Ermes, hapo nani atampita nani? Nikamwambia ndiyo hivyo, Silvano. Ndiyo hivyo.

Akahofia Bruna atamng'oa masikio. Nikamtuliza kwa kipande kinene cha jibini.

Jumamosi, 11 Januari

Kazi imekwisha. Njia ni nzuri mno. Nimeshinda msituni nikichomeka matawi ya msonobari juu ya kuta, asije mtu akajaribu kuzipanua. Mikono imevimba, moyo unaimba.

Nilimtuma Silvano kwa Bruna asubuhi, amwambie goti linaniuma kidogo. Silvano akaniuliza avae nini. Nikamwambia vaa chochote, ni ujumbe tu. Akachukua skii zake za zamani, eti ni njia fupi kwenda uwanjani. Mtu wa ajabu.

Hakurudi hadi mchana. Alikuwa mwekundu, anahema, anacheka mwenyewe. Sikumuuliza. Nilikuwa na matawi ya kuchomeka.

Jumapili, 12 Januari

Kwanza niseme hili: niliongoza mbio.

Filimbi ilipolia nilichoma theluji kwa fimbo zangu mbili za skii kama mwendawazimu na nikaingia msituni wa kwanza. Nyuma yangu Loris. Nyuma ya Loris bonde zima. Akajaribu kupanua mguu wa kulia, ukaingia ukutani. Akajaribu wa kushoto, tawi likamlamba uso. Nikasikia "Aah!" Muziki!

Nikapunguza mwendo kidogo ili nifurahi vizuri. Kisha nikapunguza zaidi, kwa sababu nilikuwa nimechoka. Matawi ya jana, mikono. Goti nalo lilikuwa limeamua kuuma kweli.

Watu nyuma wakaanza kupiga kelele. Nilidhani wananishangilia. Nikainua fimbo kuwapungia. Mmoja akauliza kwa sauti kama kuna maiti mbele tunaisindikiza. Mwingine akasema maiti ingekuwa imeshafika. Kuna aliyeanza kuimba wimbo wa mazishi na wengine wakaitikia, kwa sauti mbili, vizuri kabisa, maana wengi wao ni wa kwaya ya kanisa.

Sikujali. Kiongozi hutazama mbele.

Kwenye mteremko wa kijito nikaanguka. Nikakwama kati ya kuta mbili kama kizibo, miguu juu. Mtu angeweza kunipita hapo kwa kunikanyaga tu, na sauti kadhaa zilipendekeza hivyo. Loris hakunikanyaga. Akavua skii zake, akanishika makwapa, akanivuta, akanisimamisha na kunikung'uta theluji mgongoni. Akaniuliza, "Mzee wangu, umeumia? Twende polepole, hatuna haraka."

Katikati ya mbio! Hatuna haraka! Nilimwangalia. Uso umechorwachorwa na matawi yangu, na anangoja kweli nijibu kama nimeumia. Nikahisi kitu kifuani. Nadhani ni ubavu.

Tukatoka msituni, mimi mbele. Uwanda ukafunguka. Basi wakanipita wote, kulia na kushoto, mabata kwa makundi. Loris wa kwanza kufika. Mimi wa mwisho, nyuma ya daktari wa mifugo, aliyesimama njiani kuwasha sigara.

Lakini msitu mzima niliongoza. Hilo hakuna wa kulifuta.

Jumatatu, 13 Januari

Bruna kaja nyumbani. Shangazi kamkaribisha, kamwekea mvinyo, kakaa kabisa asikose neno.

Bruna kasema hivi. Timu inahitaji wawili wa mtindo mpya na wawili wa zamani. Mbio za Jumapili zilikuwa za kumchagua wa mtindo mpya. Alieleza yote mkutanoni, ila mimi nilikuwa nimeshatoka. Nafasi iliyobaki ya mtindo wa zamani ilikuwa yangu. Alikuwa ameshaamua Jumanne, aliponiona kutoka dirishani nikipanda kilima cha kanisa. Kasema hajaona mtu akipanda vile tangu enzi za marehemu mume wake. Jumamosi alitaka tu kuhakikisha goti liko sawa na kunipa fulana ya timu.

Shangazi akajimiminia mvinyo.

Badala yangu akaja Silvano, na habari za goti. Kwa kuwa alikuja na skii, Bruna akamwambia azunguke mara moja tusipoteze asubuhi. Akazunguka. Kumbe chini ya lile tumbo kuna mkimbiaji! Fulana amepewa yeye. Inambana.

Nikauliza kwa sauti nzuri kama kuna chochote kimebaki. Bruna akasema ninaweza kuwa wa akiba. Kisha akaongeza, "Ermes, fanya kitu kimoja tu wiki hii. Usifanye kitu."

Shangazi akasema amen.

Alhamisi, 16 Januari

Nimekaa siku mbili bila kufanya kitu. Inatosha.

Wa akiba anakimbia endapo mmoja hawezi. Sitaki mtu aumwe, mimi si mnyama. Lakini je, mtu akinenepa? Silvano tayari yuko ukingoni. Kilo chache zaidi na ile fulana inapasuka, Bruna anashtuka, ananiita. Hapana sumu, hapana ubaya. Ni ukarimu!

Kazini tulipewa zawadi ya Krismasi, jibini zima la duara, la mwaka jana, mafuta tele. Nimelipeleka kwa Silvano. Nikamwambia ni pongezi zangu. Macho yakamjaa machozi. Akanikumbatia hadi ubavu ukalia. Akasema watu hawakujui, Ermes, watu hawakujui kabisa.

Kweli.

Jumamosi, 18 Januari

Silvano kaja kuniita chakula cha jioni. Kasema zawadi kama ile haiwezi kuliwa na mtu peke yake, mkewe Alda anatengeneza frico: jibini na viazi, vinakaangwa pamoja hadi vinaunda ganda. Nikaenda kwa furaha. Nani mwingine ataona mpango ukifanya kazi kwa macho yake?

Silvano akala kipande kimoja. Akaweka uma chini. Nikachukua kipande ili kumpa moyo. Akatabasamu, hakuchukua. Nikachukua kingine, nikaguna kwa utamu. Akasema Bruna kamkataza. Nikamwambia Bruna hayupo. Nikachukua cha tatu kumwonyesha kwamba hakidhuru. Alda akafurahi: hatimaye mgeni anayejua kula! Akarudi jikoni kukaanga kingine. Ukikataa sahani ya Alda, kijiji kizima kinajua kabla hujafika kwako.

Nimerudi nikitembea kiubavuubavu. Silvano ni mkaidi. Ila kipande kimoja ni mwanzo.

Jumapili, 19 Januari

Tullio kaamka na homa.

Bruna akaja alfajiri, akagonga. Shangazi akamwambia nipo, ila nipo msalani, na nipo huko toka jogoo hajawika. Bruna akaja hadi mlangoni. Akasema, "Ermes, toka. Unakimbia leo, mtindo wa zamani, wa kwanza kabisa."

Siku niliyoingoja maisha yangu yote! Nikasema ndiyo, kocha, nakuja. Nikasimama. Nikakaa.

Akangoja. Akauliza nimekula nini. Nikamwambia. Akauliza kwa nani. Nikamwambia. Kisha nikamsikia akicheka, yeye na Shangazi, wanacheka hadi wanashikilia ukuta. Akachukua namba yangu ya mbio mezani na skii zangu barazani, akakimbie mwenyewe. Bruna, miaka hamsini na minne!

Nimesikiliza mbio kwa redio ya mkoa, mlango ukiwa wazi kidogo. Bruna akamaliza zamu yake wa tano, kwa skii zangu, nta ya dukani. Silvano akawapita wawili, fulana ikiwa imepasuka mgongoni na hakuna aliyejali. Mwalimu wa shule akashikilia. Loris wa mwisho, bata huyo, akachukua nafasi ya pili mita za mwisho kabisa. Mtangazaji akapiga mayowe. Shangazi alikuwa anapiga meza kwa mwiko. Nami nilipiga kelele, nakiri, palepale nilipokuwa.

Jioni Loris kaja kunijulia hali. Kaniletea chai ya mitishamba ya mama yake. Kasema walipopanda jukwaani alitaja jina langu kwenye kipaza sauti. Kwa nini? Hakujua, alihisi tu inafaa. Kisha akaomba nimfundishe kupanda mlima kwa mtindo wa zamani, kama ninavyopanda kilima cha kanisa. Nikasema nitaona nafasi yangu ilivyo.

Sasa nimetulia, nimechunguza kosa lilikuwa wapi. Si kwenye mpango. Mpango ulikuwa safi. Kosa ni la jibini: mtu mwenye msimamo anaweza kula kipande kimoja akaacha.

Mwakani soseji.