Bahasha Iliyokwenda Idete

Leo nimevuliwa nguo mchana kweupe, na aliyenivua ni mimi mwenyewe. Nawaandikia ninyi wanne tuliosoma pamoja kwa sababu mko mbali. Hapa ofisini wameshacheka, sasa ni zamu yenu.

Kazi yangu mnaijua. Mradi wetu wa utafiti wa mpunga una kompyuta tisa na seva moja, na mimi ndiye msimamizi wa mtandao. Ifakara nzima sijui mwingine (nilikuwa najivunia hilo mpaka leo asubuhi). Ripoti zote za mavuno zimo ndani ya seva hiyo, na ripoti ya wakulima wa Mngeta ilitakiwa iende Dar es Salaam kwa laini ya simu leo hii kabla ya saa kumi jioni.

Saa mbili na nusu nikakaa kwenye kiti. Nikaandika jina langu, nikaandika neno la siri. Kompyuta ikanijibu kwamba akaunti yangu imefungwa, niwasiliane na msimamizi wa mfumo.

Msimamizi wa mfumo ni mimi.

Nikajaribu tena, jibu lile lile. Nikazima, nikawasha. Nikapuliza vumbi nyuma ya mashine (msiniulize kwa nini). Bado imefungwa.

Sasa sikilizeni ujinga wa kwanza. Sheria hiyo niliiweka mwenyewe mwezi wa kwanza: mtu akikosea neno la siri mara tano, akaunti yake inafungwa. Seva ikaniuliza kama nataka ijifungue yenyewe baada ya nusu saa. Nikaona huo ni ulegevu. Nikachagua ibaki imefungwa mpaka msimamizi aifungue. Nilikuwa nawafikiria watu wengine, bila shaka.

Lakini nani alikuwa amekosea mara tano kwa jina langu? Nikamwendea Mama Fide, karani wetu, ambaye alianza kazi hapa kabla jengo halijaingizwa umeme.

"Shikamoo, Mama Fide. Nani amechezea jina langu kwenye kompyuta?"

"Marahaba. Jina lako nilichezee la nini, Deo? Hata langu mwenyewe nimelichoka."

Sikumwamini. Nikaenda kwa mkuu wa mradi, Dokta Sanga, nikamwambia kuna mtu humu ndani anahujumu mtandao. Nilisema hivyo mlango ukiwa wazi, kwa sauti ya kumfikia Mama Fide.

Dokta hakunyanyua kichwa. "Si kuna ile bahasha?" akaniuliza.

Ilikuwepo. Kwenye seva kuna akaunti ya pili, ya msimamizi mkuu, ambayo haifungiki hata ukikosea mara mia. Neno lake la siri nililitunga mwezi wa pili: herufi na tarakimu kumi na nne zisizo na maana yoyote, ili mtu asiweze kulikisia wala kulikumbuka, mimi nikiwemo. Dokta ni mtu wa utaratibu. Akaagiza lichapwe, litiwe kwenye bahasha ya kaki, bahasha igundishwe na kupigwa mhuri, kisha akaifungia kwenye kasiki lake. Ifunguliwe kwa dharura tu, mbele ya mashahidi watatu.

Mashahidi wakapatikana: mimi, Mama Fide, na Shomari dereva. Dokta akaitoa bahasha. Mhuri ulikuwa mzima kabisa. Akaichana polepole kwa kisu cha karatasi, akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti.

"Tumsifu Yesu Kristu."

"Milele amina," akajibu Mama Fide, kwa mazoea.

Nikanyoosha mkono kuichukua ile karatasi, Dokta akaisogeza pembeni. Mtu yule akianza kusoma kitu lazima akimalize.

"Kwako Mzee Likwata na familia yote ya Idete. Mimi kijana wenu nimeona ua katika bustani yenu, nalo ni binti yenu Skolastika. Kwa heshima na unyenyekevu ninaomba nilichume. Mimi ni mtaalamu wa kompyuta, na kazi yangu ni ya kudumu..."

Hapo akasimama. Akanitazama juu ya miwani.

"Kazi yako si ya kudumu, Deo. Una mkataba wa miaka miwili."

Shomari akatoka nje. Nilimsikia akicheka huku amejishika kwenye boneti ya gari. Mama Fide yeye hakucheka. Alinitazama kwa huruma, na huruma ya mtu uliyetoka kumsingizia inauma kuliko kicheko.

Nieleze ilivyokuwa. Barua ya posa na lile neno la siri nilivichapa siku moja, wiki moja kabla ya Kwaresima. Posa ningeweza kuiandika kwa mkono kama watu wote, lakini nilitaka wakwe waone maandishi ya kompyuta. Bahasha zote mbili nilizitoa kwenye boksi moja la ofisi. Baba mdogo Kasto, ambaye ndiye alikuwa mshenga wangu, alinikataza nisiandike kitu juu ya bahasha. "Mshenga ndiye anwani," alisema. Alikuwa nje juu ya baiskeli, mawingu yamejaa, ananihimiza nifanye haraka asije akakwama kwenye tope. Nikampa bahasha moja, Dokta nikampa nyingine.

Baba mdogo alifika, akaipokeza kwa mikono miwili, akarudi. Tukangoja jibu.

Miezi mitano, ndugu zangu. Kwetu posa haiulizwi. Ukishapeleka barua unakaa kimya. Kuulizia ni kama kumhimiza mpishi, inaonyesha huna adabu. Na Skola mwenyewe, mwalimu wa shule ya msingi kule Idete, ambaye tulikuwa tukiongea kila alipokuja mjini kuchukua mshahara, hawezi kulitaja jambo ambalo liko mezani kwa wazee. Mwezi wa nne nilikutana naye sokoni, akanipita kama nguzo ya simu. Nikaona basi, wamenikataa, na hata kuniambia hawakuniona nastahili. Nimewachukia watu wale miezi mitano. Nimewaita wenye kiburi, wapenda makuu, mbele ya yeyote aliyekubali kunisikiliza. Usingizi wangu ulikuwa umekufa, na wao walikuwa wanashangaa ni mwendawazimu gani aliyewaandikia.

Dokta akatazama saa. "Kwa hiyo neno la siri liko Idete?"

"Nadhani, Dokta."

"Shomari, washa gari."

Nikamweleza kwamba mposaji haendi ukweni bila mshenga, tena mikono mitupu, mchana, kwa ajili ya karatasi. Akasema ripoti ni saa kumi. Nikamwambia ninaweza kuisimika seva upya. Akauliza ripoti zitabaki? Nikasema hapana, zitafutika. Akanifungulia mlango.

Barabara ya Idete msimu huu ni vumbi tupu. Shomari aliniheshimu kama nusu saa, kisha akasema, "Lakini ua, Deo. Ua."

Mzee Likwata tulimkuta uani, mpunga umeanikwa kwenye turubai, naye anafukuza kuku. Nikavua kofia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ni wa wapi?"

"Ni Deogratias, wa Ifakara. Yule wa barua."

Akamfukuza kuku wa mwisho. Kisha akaingia ndani, akatoka na kitabu cha nyimbo za kanisani. Karatasi yangu ilikuwa katikati yake, imekunjwa vizuri. Walikuwa wameitunza.

"Tulikaa kikao cha ukoo mara mbili kwa ajili ya hii," akasema. "Mara ya kwanza hatukuielewa. Tukamwita katekista, naye hakuielewa. Kuna mjukuu wangu yuko kidato cha nne, akasema si hesabu anayoijua. Shangazi yake Skola akasema ni uganga. Mimi nikakataa, nikasema kijana ni msomi, tusome kwa utulivu. Tukarudi kusoma hapa chini."

Akaniwekea kidole. Chini ya zile herufi kumi na nne nilikuwa nimechapa, kwa maelekezo ya Dokta: *Kwa matumizi ya dharura tu. Ikishatumika, ibadilishwe mara moja.* Na jina langu kamili, na saini.

"Tukauliza, binti yetu ni wa dharura?" akasema Mzee Likwata. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo lilinimaliza. "Mama yake alilia. Tukaona hatuna la kujibu, tukaliacha kwa Mungu."

Nikapiga magoti palepale kwenye makapi ya mpunga. Nikaeleza yote: bahasha, seva, kasiki, mvua, baiskeli. Seva nilimwelezea mara tatu. Mwishowe akashika ndevu.

"Kwa hiyo barua yenyewe ilikuwepo?"

"Ilikuwepo, mzee. Imesomwa leo asubuhi ofisini." (Sikumwambia imesomwa mbele ya nani.)

"Tungekubali," akasema. "Mimi nilikuwa nimeshaandaa jibu kabla hata mshenga hajafika. Binti alikuwa ameshamwambia mama yake."

Kisha akaniambia. Matangazo ya ndoa yameshasomwa kanisani mara mbili, la tatu ni Jumapili hii. Bwana harusi ni dereva wa trekta wa huko Mngeta. Barua yake iliandikwa kwa peni, kwenye karatasi ya daftari, na kila mtu aliielewa.

Skola alitoka jikoni kuniletea maji ya kunywa. Alikuwa ameshasikia kila kitu, kuta zile ni za fito na udongo. Nikapokea kikombe, nikayanywa yote kwa mkupuo.

"Ungekuja kuuliza," akasema taratibu.

"Posa haiulizwi, Skola."

"Najua. Ndiyo maana na mimi sikukuuliza."

Akachukua kikombe akarudi ndani. Nilitaka nimfuate. Shomari akapiga honi, maana ilikuwa saa nane kasoro.

Nikaomba karatasi yangu kwa mzee. Akanipa, ila akanishika mkono kwanza. Alikuwa na ombi dogo. Kwa kuwa nimesema mimi ndiye mtu wa kompyuta, na kwa kuwa sasa tumeelewana na hakuna kinyongo, je, naweza kuwachapia kadi za harusi? Mjini walikuwa hawajui pa kuanzia. Akaagiza orodha ya wageni iletwe kutoka ndani, akanipa; imeandikwa kwa mwandiko mzuri wa mwalimu. Mwandiko huo naufahamu.

Mngekuwa ninyi mngesema nini? Nilikuwa nimepiga magoti kwenye ua wa mtu niliyemtukana miezi mitano. Nikasema ndiyo, mzee.

Saa tisa na robo nilikuwa mbele ya seva. Zile herufi kumi na nne zilikubali mara ya kwanza. Nikaifungua akaunti yangu, nikafungua daftari la kumbukumbu za seva nimwone mhujumu. Alikuwa mashine iliyo mezani kwangu. Ijumaa nilibadilisha neno langu la siri, nikasahau kwamba kuna kazi ya kunakili mafaili niliyoitega humo ijiendeshe kila siku kwa neno la zamani. Jumamosi ikakataliwa, ikabisha hodi mara tano mfululizo, ikanifungia mimi nje.

Nikaenda kumwomba radhi Mama Fide. Alikuwa anakunywa chai. "Yameisha," akasema, akanimegea nusu ya kitumbua chake. Nilikila nimesimama.

Ripoti ya Mngeta imeondoka saa kumi kasoro dakika nne. Dokta amenipongeza, akanirudishia barua yangu ya posa ikiwa imebanwa kwa pini, na pembeni ameandika kwa kalamu nyekundu: *Ihifadhiwe kwenye faili husika.* Sijui ni faili gani.

Sasa wote wameondoka, nimebaki na printa. Kadi ni themanini. Jina la bwana harusi nimelisahihisha mara mbili ili lisikosewe, maana anayestahili adhabu ni mimi, siyo yeye. Orodha ya Skola imepangwa vizuri sana, kila mgeni ameandikiwa kama kadi yake ni ya mtu mmoja au ya watu wawili. Jina langu ameliongeza leo mwisho kabisa, wino wake si ule wa majina mengine, ila mbele yake hakuandika mmoja wala wawili. Ameniachia nichague mwenyewe.

Nimeandika mtu mmoja. Anayetaka kucheka acheke, mradi asinijibu barua hii leo.