Operesheni Isale

Kengele ya Chuo cha Ufundi Upeo ililia kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha Mkuu wa Chuo, Bwana Ludovick, akapanda juu ya kreti ya soda na kutoa tangazo la kihistoria: kuanzia saa hiyo, mtazamo hasi ulikuwa marufuku katika eneo lote la chuo, vyoo vikiwemo.

"Tumefanya utafiti wa kina," alisema. "Wanafunzi wanatukimbia. Tumejiuliza kwa nini. Si walimu. Si vifaa. Ni sura zenu! Mnanuna. Mtu akinuna Jumatatu, Jumatano yuko sokoni Tengeru anauza vitunguu, na taifa limepoteza fundi."

Waliomsikiliza walijaza benchi mbili, na benchi ya pili ilikuwa na mpishi.

Utafiti huo Bwana Ludovick aliufanya peke yake, kitini, baada ya chai. Usicheke, msomaji. Kuna mambo makubwa ya nchi yameamuliwa kwa chai ndogo kuliko hiyo. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali imefungulia biashara za watu binafsi, na kila mwenye vyumba viwili vya bati alikuwa na chuo. Yeye aliacha kazi serikalini akafungua chake kule Kwa Mrombo, nyuma ya soko. Umakanika ulifundishwa, na injini ya kujifunzia ilikuwepo, tena kubwa: ilichorwa ukutani kwa rangi tatu. Utalii ulikuwepo kwenye ratiba, na darasa la ushonaji lilikuwa na cherehani moja. Mwenye zamu alishona, wengine wakakanyaga hewa ili miguu isisahau. Sasa niambie, hapo mtu ananuna nini?

Tatizo lilikuwa Ijumaa. Ijumaa mkaguzi angekuja kutoka wizarani kutazama wanafunzi. Akikuta madawati matupu, usajili hakuna, kufuli mlangoni, na Bwana Ludovick aende akawaeleze wakwe zake ni kwa nini aliacha kazi yenye pensheni. Aliogopa. Usiku alikuwa hapati usingizi, ingawa kwa watu alisema ni mbu.

Akamwita Bi Fransiska, matroni wa chuo, ambaye pia alikuwa mwalimu wa ushonaji na mtunza fedha. Akampandisha cheo papo hapo kuwa Afisa Mtazamo Mkuu. Mshahara ulibaki palepale, kwa sababu cheo ni heshima.

"Haya, Afisa. Nipe taarifa ya hali ya mitazamo."

"Mkuu, wanafunzi wa umakanika wanasema injini ya ukutani haiwaki."

"Wamejaribu kuiwasha?"

"Inawashwaje, Mkuu?"

"Umeona? Na wewe umeshaambukizwa." Akatikisa kichwa kwa huruma. "Walioondoka lazima warudi kabla ya Ijumaa. Fransiska, wewe si Mchaga wa Kibosho? Ukiletewa isale nyumbani kwako, unaweza kukataa?"

Isale, kwa asiyelijua, ni jani refu la kijani linaloota mipakani mwa mashamba ya Wachaga na Wameru. Linafungwa fundo na kupelekwa kwa mtu uliyekosana naye, kuomba yaishe. Bwana Ludovick alikuwa Mchaga wa Rombo, lakini wa kuzaliwa Arusha, yule anayekwenda kwao Krismasi kula nyama na kurudi. Utotoni aliwahi kuona mjomba wake akimpelekea jirani isale, na jirani aliyekuwa ameshika panga akaliweka chini. Alichojua juu ya isale kilianzia hapo na kikaishia hapo.

"Isale halikataliwi, Mkuu," alisema Fransiska. "Lakini..."

"Lakini ni neno hasi."

Fransiska akaenda kutafuta kisu cha kukatia majani. Kanuni ni kanuni.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Operesheni Isale. Ua wa isale wa jirani ulinyolewa. Kila jani lilifungwa fundo na kugongwa mhuri wa chuo, ili kuliongezea nguvu ya kisheria, na Fransiska akatumwa nalo nyumba kwa nyumba.

Kule Akheri alimkuta Mzee Ephraimu akipalilia migomba. Binti yake, Elifuraha, alisoma umakanika mwaka mzima, akatoka akiwa hajawahi kuchafua mikono.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Karibu."

Alipoliona jani, mzee aliweka jembe chini, akajifuta mikono na kulipokea kwa mikono miwili. Akaugeuzageuza ule mhuri.

"Mkuu wa chuo mwenyewe ndiye ametoa isale?"

"Ndiye, baba."

"Tena ameweka na mhuri! Basi mwambie limepokelewa. Ijumaa tunakuja."

"Na Elifuraha?"

"Na Elifuraha, na shangazi zake."

Kule Ngarenaro, Mzee Saadi, baba wa binti mmoja wa ushonaji, alikuwa mtu wa asili ya Tanga na hakulijua jani lile. Akamuuliza jirani yake Mchaga. Alipoelezwa, akashika kidevu. "Loo! Mtu mkubwa kama yule? Huyo muungwana. Lazima twende, ni aibu kumwacha peke yake."

Ijumaa ilipofika, Bwana Ludovick nusura alie kwa furaha. Madawati yalijaa, madirisha yalijaa, wengine walikaa nje uani. Mkaguzi, Bi Swabaha, mama mnene mwenye miwani yenye mnyororo shingoni, alitazama huku na huku akaridhika.

"Mahudhurio mazuri sana, kaka. Mnafanyaje?"

"Usimamizi wa mitazamo," alijibu Bwana Ludovick kwa unyenyekevu mdogo.

Hapo Mzee Ephraimu akasimama, jani mkononi.

"Mkuu, umetuletea isale, na isale halikataliwi. Tumekuja kukusamehe."

Chumba chote kikaitikia kwa sauti moja, "Ndiyo!"

"Ahsanteni," alisema Bwana Ludovick, akitabasamu bado. "Kunisamehe nini?"

"Hilo ndilo utuambie wewe. Kwetu hakuna kusamehe gunia lililofungwa. Mwenye isale hutaja kosa kwa kinywa chake, watu wakasikia, akasema atalitengenezaje. Ndipo tunasamehe, ndipo watoto wanarudi."

Tabasamu lilikwama. Akamwinamia Fransiska. "Mbona hukuniambia?"

"Nilifika kwenye 'lakini', Mkuu."

Masikini Ludovick! Akikana, amelichezea isale, na mtu aliyelichezea isale hata mama yake mzazi atamfungulia mlango kwa kufikiri mara mbili. Akikiri, mkaguzi huyo hapo, amevaa miwani. Akakohoa.

"Ndugu wazazi, katika kipindi cha mpito cha utekelezaji, kumejitokeza upungufu fulani wa kimiundombinu katika nyanja ya..."

"Mwanangu," alisema Mzee Ephraimu taratibu, "sema kama unavyosema ukiwa na njaa."

Bwana Ludovick alitazama zile nyuso, na hakuna hata uso mmoja uliokuwa umenuna. Wamekuja kumsamehe kweli, watu hawa, wamevaa nguo za kanisani na kanzu za Ijumaa kwa ajili yake.

"Injini tumeichora," alisema. "Cherehani ni moja. Mwalimu wa utalii sijamwona tangu Pasaka. Nikaona nizisingizie sura za watoto wenu. Nimewakosea, jamani. Naomba mnisamehe."

"Tumekusamehe!" Shangazi mmoja wa Akheri akapiga vigelegele. Bwana Ludovick akashangaa kuona kifua chake kimekuwa chepesi, kama ametua mkungu wa ndizi.

"Sasa matengenezo," alisema Mzee Ephraimu. "Injini utatoa wapi?"

"Bajeti ya mwaka ujao..."

"Baba, injini ipo," alisema Elifuraha. "Ile pale, kwenye Pijo ya Mkuu."

Watu wote wakageukia dirishani. Bwana Ludovick alilipenda gari lake lile la Pijo kuliko jamaa zake kadhaa. Lakini msamaha ulishapokelewa, na vigelegele havirudishwi kooni. Saa sita mchana boneti lilikuwa chini, Elifuraha alikuwa mweusi hadi viwikoni, na darasa zima la umakanika limemzunguka likigombea spana. Hakuna aliyewahi kuona mitazamo chanya kiasi kile.

Bi Swabaha alisajili chuo palepale kwa muda wa majaribio, kwa sharti cherehani ziongezwe. Kisha akamvuta Bwana Ludovick pembeni, akashusha sauti.

"Kaka, haya majani yamebaki? Walimu wa nchi nzima wametununia sisi wa wizarani, na vyuo vya serikali vinakimbiwa kuliko chako. Nikimpelekea Mkubwa wangu moja, akalitoa hadharani, si mambo yatakwisha?"

"Yapo, dada, chukua." Bwana Ludovick akamchagulia lililo bichi. "Ila atasimama ataje makosa kwanza. Kwa kinywa chake."

"Yote?"

"Yote."

Bi Swabaha alilitazama lile jani kwa muda. Akamrudishia.

"Acha tu, kaka," alisema. "Sisi tukianza kutaja, uchaguzi utatukuta bado tumesimama."