Sponji Iliyoingia Mguuni mwa Calixte Bila Barua ya Mtaa

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Mtaa wa Mlolezi, Katubuka.

Shikamoo, Mzee Zubery.

Naomba uisome barua hii ukiwa umekaa, kwa sababu inahusu usalama wa mtaa, na wewe ndiye uliyetufundisha kuulinda. Wiki iliyopita jirani yangu Calixte Ndayikunda alikuja kwako kuomba barua ya utambulisho ili arudi hospitali. Ukalitazama jina lake, ukamwambia, "Jina hili la ng'ambo, bwana. Babu yako alizikwa wapi?" Kisha ukamtaka ahesabu mpaka ishirini kwa Kiha, lugha yetu ya hapa, wewe ukisikiliza lafudhi. Alipofika kumi na saba akabanwa na kikohozi, ukamwambia arudi siku nyingine. Hongera. Lakini ulipokuwa unamchunguza Calixte, mhamiaji halisi alikupita mbele ya macho. Yumo ndani ya mguu wake.

Nieleze. Calixte aliungua mguu utotoni, na miaka hii kovu likageuka saratani. Madaktari wa hospitali ya rufaa waliukata uvimbe wote, mfupa wa ugoko ukabaki wazi. Wakaliziba shimo kwa kipande cha sponji nyembamba ya kiwandani, yenye utando mwangavu juu yake, iwe kiunzi ambamo nyama na mishipa mipya itajijenga. Sasa wanamtaka Jumatatu ijayo, wabandue utando wa juu na kupandikiza ngozi nyembamba kutoka pajani mwake. Asipokwenda, kidonda kinaweza kuoza, na mguu ukakatwa. Hayo ni yake. Mimi nina malalamiko yafuatayo:

1. Sponji hiyo imetoka nje ya nchi. Haina babu aliyezikwa Kalinzi, wala Mwamgongo, wala popote. Nimeuliza.

2. Haijui Kiha, hata moja mpaka tatu. Calixte anatengeneza mitumbwi kwa Kiha, anaota kwa Kiha, na akijigonga nyundo kidoleni anatukana kwa Kiha ambacho siwezi kukiandika hapa. Yeye ndiye aliyerudishwa mlangoni. Sponji ikapita.

3. Imepokelewa vizuri mno. Mwili wa Calixte umeanza kuipelekea damu bila kuiuliza jina. Mke wake, shemeji Happiness, anaitandikia chandarua mchana kutwa isiguswe na inzi. Calixte mwenyewe ananitania, "Luqman, mguuni nina mgeni. Nimkaangie samaki, mgebuka wa ziwani?" Nimesoma historia, Mzee. Ukarimu wa namna hii umeangusha mataifa.

4. Jambo hili tukilinyamazia litaenea, na nasikitika kusema limeshaenea. Wewe una chuma pajani tangu ulipoanguka na bodaboda. Chuma hicho kimehudhuria vikao vyote vya mtaa, kimekwenda kupiga kura, na siku ile kilikuwa miongoni mwa waliomhoji Calixte. Nani alikiandikia barua?

5. Kwa hiyo, kwa heshima zote, naomba sponji ing'olewe na kurudishwa kwao. Chuma chako kisafirishwe nayo, behewa moja. Na wewe, utakapokuwa umebaki bila kitu cha kusimamia, uitishe mkutano wa hadhara utuhesabie mpaka ishirini. Tutakuletea kiti. Ruhusa ya kukohoa haitakuwepo.

Nisalimie mama hapo nyumbani, wajumbe wote, na yule mgambo aliyemfungulia Calixte mlango wa kutokea.

Mimi mkazi wako, ambaye jina langu halijawahi kuulizwa chochote,

Luqman Hamisi

Tanbihi: Nimetoka zahanati sasa hivi. Muuguzi Agnesi alifungua bandeji nikiwepo, nikainama na miwani yangu nimtafute yule mhamiaji nimnyooshee kidole. Sikumpata. Chini ya utando, palipowekwa sponji, pana wekundu wa nyama hai. Agnesi akibonyeza panapauka, akiachia damu inarudi. Anasema kiunzi chenyewe kitayeyuka polepole, mpaka abaki Calixte peke yake. Kumbe nimemshtaki mtu asiyekuwepo, na kazi hiyo ina mwenyewe mtaani. Futa namba moja mpaka tano. Sina kesi, Mzee, nina ombi: weka saini. Treni ya kumpeleka hospitali inaondoka Jumamosi, na Happiness ameshafunga mizigo ya watu wawili.