Kadi ya Kiume kwa Fundi Shoto

Jumapili, 3 Machi

Miaka minne na ushee tangu nitoke nyumbani. Niliaga kwamba nakwenda miezi sita. Wakati ule jengo tunalojenga huku lilikuwa la ghorofa tatu. Sasa tuko ya kumi na moja, na mwenye jengo bado anatazama juu.

Dada kapiga simu. Baba anafunga karakana. Macho hayamsaidii tena, na meza yake ya useremala anataka kumpa muuza mbao wa jirani mwezi ukiisha. Nikasema nipe niongee naye. Bure. Baba hushika simu kama mtu aliyeshikishwa chura. Akasema hujambo, akasema haya, akairudisha kwa dada.

Meza ile! Utotoni nililala chini yake, juu ya maranda, huku yeye akifanya kazi juu yangu. Nyundo mkono wa kushoto, msumeno mkono wa kushoto, kikombe cha chai mkono wa kushoto. Mtaa mzima unamwita Fundi Shoto. Maranda yaliniangukia usoni, mepesi, yenye joto la randa. Mpaka leo nikipita penye mbao mbichi husimama kidogo, msimamizi ananifokea.

Na ufundi nilionao ni wake. Nikirudi bila meza ile nitarandia wapi, magotini?

Mwendesha kreni anakwenda likizo Alhamisi, na njia yake inapita kwetu. Nitamtumia baba kadi. Neno lililoandikwa halirudishwi kwa dada.

Ila si kadi za Mshairi. Mshairi ni fundi bomba, analala kitanda kilicho jirani na changu, na huchora kadi za mawaridi ambazo wenzetu wananunua kuwatumia wake zao. Nilimwomba ya baba. Akanipa yenye njiwa wawili wanaonusana. Nikamwambia baba yangu ni seremala, si bibi harusi. Akasema upendo ni upendo. Kumbe ndiyo maana mabomba yake yanavuja.

Nimepata wazo. Kadi za kiume! Nyundo, msumeno, lori. Ua hata moja, hakuna. Nachonga mihuri ya mpira, nagonga tu: moja ya baba, nyingine za kuuza. Mshairi atakufa njaa na njiwa zake.

Jumatatu, 4 Machi

Mpira umepatikana. Ndala moja kuukuu, ilikuwa imelala katikati ya vitanda haina mwenyewe. Nimechonga nyundo kwa kisu. Wino sina, nikakoroga masizi ya sufuria na mafuta ya kupikia.

Imetoka nyundo yenye ndui. Ndala ina vitundu, sikujua.

Jioni Mshairi anatafuta ndala yake. Nikamsaidia. Tumetafuta sana, mpaka bafuni.

Jumanne, 5 Machi

Nimekata kisigino cha buti langu la kushoto. Mpira safi, mgumu. Kutwa nimebeba zege nikichechemea. Msimamizi akauliza nimeumia. Nikasema kidogo. Akaniambia nipone haraka.

Mchana nikaenda kwa Mama Stoo kuomba wino. Huyu ndiye mwanamke pekee kwenye jengo, na anatuita wote wanangu, hata wenye mvi. Kanipa kidau cha zamani, wino wa zambarau. Akatazama kile kisigino cha buti, nimeshaanza kuchonga lori, akacheka. Akasema, "Mwanangu, muhuri ni kama kioo. Ukichonga kulia, unagonga kushoto." Akanigeuzia muhuri wake wa stoo nijionee.

Nikaona. Maandishi yote yamekwenda kinyume, hayasomeki. Maskini. Wamemuuzia muhuri mbovu na miaka yote hiyo hajui. Sikumwambia, nisimvunje moyo. Nikashukuru, nikaondoka.

Jumatano, 6 Machi

Vidole zambarau, shuka zambarau, sikio moja zambarau. Msimamizi akaniuliza nimepiga kura mara ngapi.

Mteja wa kwanza! Dereva wa lori la saruji, anataka kadi ya kumtumia shemeji yake. Aliagiza lori likielekea kwenye neno NAKUJA, aliloliandika mwenyewe kwenye kadi. Lile la jana nimelimalizia hivyo hivyo, pua upande wa neno. Nikagonga. Dereva akaitazama kadi, akasema lori linakimbia. Kweli limelipa neno mgongo. Nikamwambia ageuze karatasi. Akageuza, matairi yakawa juu. Akasema ajali amepata za kutosha, akaenda kununua njiwa.

Karatasi hii nina mashaka nayo.

Saa ya chakula, kwenye kipande cha kisigino kilichobaki, nimemchonga baba. Kazi hiyo sikuifanyia haraka. Nilifumba macho kwanza, nikamwona: amesimama nyuma ya meza akinitazama, penseli sikioni, shati lenye mfuko uliochanika pale anapotia misumari, nyundo mkono wa kushoto. Alikuwa akiniambia shika ubao usitetemeke, nami natetemeka. Hakuwahi kunifokea. Alingoja tu mpaka mkono utulie, ndipo akapiga. Nimechonga kila kitu, hata mfuko. Nilipofumbua macho, chakula kilikuwa kimepoa na mwenzangu mmoja kashakula nusu.

Alhamisi, 7 Machi

Asubuhi vurugu. Mwendesha kreni yuko getini na begi, anapiga mluzi. Nikagonga baba kwenye kadi. Mara moja tu, safi, hata ndevu. Nikaitazama. Kuna kitu kilinigomea, kama kumwona mtu unayemjua kanyoa sharubu. Mluzi tena. Nikaacha.

Maneno ya ndani sasa. Mwandiko wangu ni wa darasa la tano, na darasa la tano lenyewe sikulimaliza. Ikabidi nimwombe Mshairi. Akachukua kalamu kama mfalme, akauliza aandike nini. Nikasema: Baba, meza usiitoe. Akangoja. Akauliza na nini tena. Nikasema basi. Akasema hilo si shairi. Nikasema wala si la kuimbwa.

Akaandika vizuri, herufi zimesimama. Wakati ananirudishia, jicho lake likaangukia muhuri wa nyundo yenye ndui uliokuwa dirishani. Akaushika, akaugeuza, akapitisha kidole penye alama ya unyayo.

"Bwana wewe," akasema, "tulitafuta mpaka bafuni."

Nikakimbilia getini na buti moja refu, moja fupi.

Ijumaa, 8 Machi

Mshairi kaficha ndala yangu moja ili tulingane. Nimevaa moja, yeye moja. Hatuongei.

Jumapili, 10 Machi

Simu ya dada. Kadi imefika. Baba akavaa miwani, akaisogeza, akaipeleka mlangoni penye mwanga. Akauliza huyu nani kasimama kwenye meza yangu. Dada akamwambia ni wewe. Akasema shati ni langu, mfuko ni wangu, lakini huyu anapiga nyundo kwa mkono wa kulia. Akacheka mpaka akakohoa.

Halafu akaomba simu. Mwenyewe! Nilisikia pumzi yake kabla ya sauti.

"Mwanangu. Umenisahau mkono."

Nyuma yake nilisikia karakana, bati la paa likilia kwa jua, kama zamani.

"Muuza mbao nimemwambia atafute meza kwingine," akasema. "Hii inakungoja wewe. Njoo unitazame vizuri, uchonge tena." Kisha akasema haya, akairudisha kwa dada.

Nililia kidogo. Mshairi akanipa leso, ina waridi. Nikaitumia.

Lakini mkono wa kulia! Muhuri ninao hapa kiganjani, nyundo iko mkono wa kushoto, mtoto mdogo anaona. Basi ni ile karatasi. Au mwendesha kreni kaikalia kadi njia nzima. Haidhuru. Kisigino cha buti la pili kipo, na miguu italingana. Nitamchonga baba upya, nyundo kushoto kabisa, kubwa, asikosee mtu. Mama Stoo nitamchongea muhuri mpya, wenye maandishi yanayosomeka, iwe shukrani.

Kadi hii ya pili nitaipeleka kwa mkono wangu. Ghorofa ya kumi na mbili ikifunikwa tu, narudi. Miezi sita hivi.