Dawa ya Rafu za Mama Vioo

Yule mtu hakuja kununua samaki. Aliinama tu mlangoni mwa duka kufunga kamba ya kiatu, macho yake yakatua kwenye miguu ya rafu za mbao zilizobeba matangi ya vioo. Ilikuwa imevimba kama mkate uliotumbukia kwenye chai. Akainuka na furaha ya mrithi.

"Shikamoo mama. Mimi hapa mjini naitwa Daktari wa Mbao."

"Marahaba. Mgonjwa ni nani?" akauliza mwenye duka, mjane aliyeitwa Mama Vioo, aliyesomesha watoto watatu kwa visamaki vya mapambo.

"Rafu zako. Lile tangi kubwa halimalizi mwezi, litakuja chini na samaki wote."

Hapo hakudanganya. Na hapo ndipo wengi tunapoliwa, maana tapeli huanza na ukweli.

Akatoa kopo kwapani, taratibu kama anayemtoa mtoto mchanga, akafungua kifuniko. "Hii ni dawa ya kupaka meli. Maji yakiiona yanakata kona."

Mama Vioo akanusa, akakohoa, akanusa tena. Daktari akajua samaki ameshameza ndoano.

"Unalipia dawa itakayotumika tu," akasema. "Kuandaa na kupaka ni bure. Ila dawa haishiki mbao mbichi. Lazima rafu zikauke kabisa, juani, siku tatu."

Sharti hilo alilitia kwa sababu lilisikika kitaalamu. Ulimi umeponza wakubwa kuliko yeye.

"Basi tuzitoe," akasema Mama Vioo, akamkabidhi ndoo.

Matangi yalikuwa kumi na mawili. Daktari alichota maji, akahamishia visamaki kwenye mabeseni kwa chujio la chai, akabeba vioo, akatoa rafu uani, akapiga msasa kuvu iliyoota kwenye mbao mpaka vumbi likamtia mvi. Kila akipumua, Mama Vioo alimuuliza kwa upole, "Mwanangu, na kule chini ya miguu umefika? Si ulisema zikauke kabisa?" Wapagazi wa mtaa walishaikimbia kazi hiyo mara mbili.

Siku ya tatu akarudi na brashi, mgongo umepinda; kopo alikuwa ameliacha dukani. Rafu zilikuwa zinameta uani, na kaka yake Mama Vioo, seremala, alikuwa anafuta mikono.

"Mama, mbona mmepaka bila mimi?"

"Vanishi ninayo tangu mwaka jana. Nilichokosa ni mtu wa kunihamishia maji."

"Na dawa yangu?"

"Hiyo hapo. Tulikubaliana nalipia itakayotumika. Haijatumika hata tone."

"Na mgongo wangu je?"

"Kuandaa ulisema bure, mwanangu." Akamwekea kopo mkononi. "Baba yetu naye alikuwa seremala. Mafuta ya kupikia yaliyotiwa majani ya chai nayajua kwa harufu. Nenda kakaangie mayai."

Daktari akatoka akichechemea. Pale pale mlangoni kamba ya kiatu ikafunguka tena. Akaitazama, akashika kiuno, akaiacha iburuzike.